Bwawa la Ubao: nilivyompa mkwe wangu alama mbaya wiki ya posa

Wakuu, assalaam aleikum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nacheka visa vyenu, napita. Leo nina changu, kimenijaa kifuani kwa furaha, na nisipokitoa hapa nitaishia kumsimulia dereva wa boda asiyenijua.

Sitapamba kitu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mkwe wangu ana wajukuu wenye simu.

Wekeni chai karibu, uzi si mfupi.

Mimi ni mtoto wa Garissa, mtaa wa Galbet. Nimesomea mambo ya maji na nafanya kazi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Ukiisikia kazi yangu kwa mbali utadhani ni kubwa. Ukija karibu ni kutembea juani na kukanyaga matope.

Sasa, ukitoka mjini ukashika barabara ya upande wa Liboi, ukaonyesha kitambulisho kwenye kizuizi na kuulizwa unakoenda kana kwamba umeiba ngamia wa mtu, kuna njia ya vumbi inakata kushoto. Mwisho wa njia hiyo kuna bwawa dogo.

Watu wanaliita Bwawa la Ubao. Lilijengwa enzi za mkoloni, na si kwa ajili ya mifugo wala kunywa. Afisa mmoja wa wakati huo alitaka mahali pa kuogelea! Watu wanahama na ngamia wakitafuta maji, yeye anachimbiwa bwawa la kurukia. Alijengewa na kijumba cha mawe cha kubadilishia nguo, na ubao wa mti mgumu uliotokeza juu ya maji. Ubao huo upo mpaka leo.

Afisa alikwenda zake, bwawa likabaki letu.

Sikukuu ya Idd mji mzima unahamia pale. Mikeka inatandikwa, nyama inachomwa, maharusi wanapiga picha, vijana wanaruka kutoka kwenye ubao wakipiga kelele ili waonekane. Kama umekulia Garissa na hujawahi kumeza maji ya Bwawa la Ubao kwa bahati mbaya, utoto wako una pengo.

Nyuma ya ukuta, chini kabisa, pale majani yanapobaki kijani hata kiangazi, kuna boma moja. Ni la Mzee Dekow, mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Na katika boma hilo alikuwa anakaa binti yake Hodan, mwalimu wa Jiografia shule ya upili.

Wakuu. Hodan.

Sitamweleza sana maana atasoma. Niseme tu kwamba nilimwona mara ya kwanza akiwa amewaleta wanafunzi wake bwawani. Alikuwa akiwafundisha mmomonyoko wa udongo, na mfano alioutumia ni viatu vyangu vilivyojaa matope. Wanafunzi wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njia nzima, mpaka mama akaniuliza kama jua limenipiga.

Mambo yakaenda, tukaelewana.

Mama akafurahi. Abti Bare, yaani mjomba wangu, kaka yake mama, akasema yeye ndiye atakayeongoza wazee kwenda kuposa. Kwetu posa inaitwa doonis. Wazee wa kijana wanakwenda kwa wazee wa binti, wanakunywa chai, wanazungumza mvua na mifugo mpaka unadhani wamesahau kilichowaleta, ndipo binti anatajwa.

Ikapangwa Ijumaa, baada ya swala.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo bosi wangu akaniita. Tumwite Injinia Mwende, mama wa kutoka Kitui, asiyecheka kazini.

"Mvua kubwa zinakuja," akasema. "Mabwawa yote madogo yanakaguliwa yapewe rating. Wewe ni wa huku, tunaanza na lile la Ubao."

Nikasema sawa madam. Moyoni nikasema ya Rabbi.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze, maana ndipo jasho langu lilipoanzia. Bwawa linapewa alama mbili. Ya kwanza ni hali: ukuta wenyewe ni mzuri, wa wastani au mbaya. Ya pili ni hazard, kiwango cha hatari, na hii haijali ukuta ukoje. Inauliza jambo moja tu: huu ukuta ukiondoka leo, maji yatamkuta nani huko chini? Bwawa linaweza kuwa imara kabisa, lakini kama kuna watu wanalala chini yake, hazard ni juu.

Haya, tuendelee.

Kesho yake tukafika. Mzee Dekow alitupokea kwa kikoi kipya, kofia nyeupe, ndevu zimepakwa hina zinawaka. Kwa heshima ya bosi wangu akazungumza Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Karibu mama, karibu injinia. Hii bwawa ni baba ya bwawa yote. Biga bicha, angalia ukuta. Shida hakuna."

Na kweli shida hakuna! Vichaka vimefyekwa, mashimo ya ngiri yamezibwa, njia za mbuzi zimehamishwa pembeni. Ukuta wa zamani vile, lakini hauna ufa wala hauvuji. Nilikuwa natia alama moja baada ya nyingine huku najiona tayari nimevaa suti, naomba picha karibu na ubao.

Kisha tukafika kwenye spillway.

Kwa wasioijua: kila bwawa la udongo lina njia ya pembeni, iko chini kidogo kuliko ukuta, ili mvua ikizidi maji yatokee hapo kwa adabu. Yasipokuwa na pa kutokea yanapanda juu ya ukuta. Na maji yakishapita juu ya ukuta wa udongo, yanaukata kama kisu kwenye halwa.

Spillway ya Bwawa la Ubao ilikuwa imejengewa. Mawe, saruji, magunia ya mchanga, kimo kimoja na ukuta. Juu imepakwa rangi ya kijani, na maandishi meupe ya kuishukuru kamati.

"Hii nafanya mimi," Mzee Dekow akasema, akaupigapiga ule ujenzi kama anayembembeleza ngamia shingoni. "Mzungu aliacha shimo hapa. Maji inatoka, inaingia kwa laga, inabotea. Tangu mimi niwe mwenyekiti, hata kikombe moja haijatoka."

Wakuu mnaoishi kwenye mvua, msicheke haraka. Mzee Dekow amekulia Hadado, kule Wajir. Amekua akifuata maji, akilala karibu na maji, akigombania maji. Halafu umwambie asimame aangalie maji safi yakitoka bwawani, yashuke kwenye mto mkavu, yanywewe na mchanga? Mwambie basi mama yako aangalie maziwa yakifura jikoni asinyanyue sufuria. Mtu asiyejua kiu hawezi kufanya kosa lile. Lilikuwa kosa la mapenzi kabisa.

Lakini ni kosa, na mvua ilikuwa njiani.

Injinia Mwende akanitazama. "Andika."

Nikatazama chini. Moja kwa moja chini ya ule ukuta, boma la kwanza ambalo maji yangekutana nalo, kulikuwa na kamba ya nguo. Kwenye kamba kulikuwa na diraa ya njano ninayoijua mpaka mshono wake.

Niseme ukweli: mkono ulikataa. Sikukawia kwa sababu sikujua la kuandika. Nilijua nikiandika nzuri nampata Hodan, na nikiandika nzuri naweza kumpoteza kwa njia ambayo hakuna wazee wanaoweza kwenda kuizungumzia.

Nikaandika. Hali: MBAYA. Hazard: JUU. Bwawa lifungwe kwa umma mpaka spillway ifunguliwe.

"Wewe naandika nini?" Mzee akauliza.

"Msomee," bosi akaniambia. Huyu mama hana huruma.

Nikasoma. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanafunzi aliyekosa hesabu.

Mzee Dekow hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alinikagua kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndio kijana ya Galbet? Ya Ijumaa?"

"Ndiyo, adeer," nikamwita ami kwa heshima.

"Ijumaa mimi iko na kazi."

Akageuka, akashuka zake kwa boma lake.

Bosi alinunua chungwa njiani akanipa nusu. Kwake hiyo ni pole kubwa sana.

Nikampigia Hodan, nikamweleza yote, nikingoja alie. Alicheka mpaka akakosa pumzi.

"Mimi nimemwambia baba kuhusu hiyo spillway tangu nimalize chuo," akasema. "Ananiambia mimi si mwanafunzi wako. Walaahi ungeandika nzuri, ningekukataa mimi mwenyewe kabla yake. Ni mimi ninayelala hapa chini!"

"Sasa tufanye nini?"

"Baba haamini karatasi. Anaamini macho yake. Njoo umwonyeshe."

Nikampelekea abti Bare habari kwamba mzee ana kazi Ijumaa, kwa hiyo safari imekufa. Abti alikuwa anapiga pasi kanzu. Hata hakuinua kichwa.

"Mtu akisema ana kazi," akasema, "tunakwenda kumsaidia kazi."

Ijumaa baada ya swala tukaingia barabarani. Wazee gari la mbele, mimi la nyuma na koleo. Kijana anayeposewa huwa haendi kwenye doonis, hiyo ni aibu ya wazi, lakini abti akasema leo mimi si bwana harusi, ni fundi.

Mzee Dekow alipotuona alitaka kununa. Hakuweza. Mgeni ameshaingia bomani, kwetu huwezi kumfukuza. Mikeka ikatandikwa, birika la chai likawekwa jikoni hapo uani, wazee wakavua viatu wakavipanga vizuri kando. Vikumbukeni hivyo viatu.

Siku hiyo ilikuwa Kisomali kitupu, nawatafsiria.

Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya mbuzi. Wakarudi kwenye mvua. Hapo abti Bare akakohoa.

"Kwa kuwa tumeitaja mvua, huyu fundi wetu ana mchezo anataka kuuonyesha."

"Mchezo gani?" Mzee akauliza.

"Hata mimi sijui. Tuangalie."

Nikaanza kuchimba uani kwake mbele ya wazee, nimevaa kanzu. Nikajenga bwawa la udongo, ukuta wa kufika gotini, na njia ndogo pembeni. Hodan akatokea jikoni na beseni kubwa. Alikataa katakata tutumie maji ya kunywa, kwa hiyo alikuwa ameyaweka maji ya kufulia ya asubuhi, na povu lake.

Nikamwaga. Bwawa likajaa. Maji yakatoka kwa njia ya pembeni, taratibu, ukuta ukabaki umesimama.

"Umeona?" Mzee Dekow akawaambia wazee. "Yanapotea!"

"Sasa ziba wewe mwenyewe, adeer," nikasema.

Akainuka. Akakunja mikono ya shati, akachukua udongo, akaziba ile njia kwa ustadi, akaipigapiga. Akanitazama kwa dharau tamu kabisa. "Mwaga."

Nikamwaga.

Maji yakapanda, yakalingana na ukuta. Yakasita kidogo. Kisha uzi mwembamba ukapita juu katikati, ukachimba kijishimo, kijishimo kikawa mlango, na ukuta wote ukaondoka kwa mpigo mmoja!

Wakuu, mafuriko yalikwenda moja kwa moja kwenye viatu. Kiatu cha abti Bare kilielea kwanza, kikafuatwa na vya wazee wote kama msafara, povu jeupe juu yake. Yakapita viatu, yakafika jikoni, yakazima moto wa chai. Tsssss. Mbuzi mmoja akaja kuonja akapiga chafya.

Wazee wakavitazama viatu vyao vikisafiri.

Nikajua nimeharibu. Nimeingia kwenye doonis yangu mwenyewe, nimezamisha viatu vya wazee wangu na kuzima moto wa mkwe.

"Huo udongo wako ni mbaya," Mzee Dekow akasema. "Rudia."

Akaenda mwenyewe nyuma ya boma, akarudi na udongo mfinyanzi kwenye karai. Akajenga. Akaukanyaga kwa miguu mitupu. Tukamwaga. Ukaondoka.

"Rudia!"

Sasa majirani wamejaa kwenye ua. Mwanamke mmoja anapiga makofi, mwingine anamshauri Mzee aweke mawe. Akaweka mawe. Ukaondoka na mawe yake. Abti Bare, kanzu iliyopigwa pasi imekuwa rangi ya matope, anacheka huku ameshika tumbo, anashabikia maji waziwazi kama anashangilia timu. Hodan amejificha nyuma ya mlango, ninaona mabega tu yanatikisika. Mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, na hofu hiyohiyo, vyote pamoja.

Maji ya kufulia yakaisha.

Mzee Dekow akakaa chini palepale kwenye tope. Akatazama mkondo wa povu ulikopita. Akainua macho akautazama ukuta mkubwa, ule wa kweli, uliosimama juu ya nyumba yake. Akatazama nyumba. Akatazama mlango ambao binti yake alikuwa nyuma yake.

"Nimewalaza watoto wangu hapa," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka tena.

Abti akamwambia, "Ulipenda maji, Dekow. Nani kati yetu hakupenda?"

Mzee akanigeukia. "Nikifungua, yatakwenda wapi? Niambie yatakwenda wapi, nitafungua. Siwezi kuyaona yakipotea. Moyo wangu hautaki."

Na hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu, miaka yote ile ya chuo sikuwa nimeielewa. Nikamwambia tuchimbe silanga, shimo kubwa la kukinga maji, huko mbele kwenye laga, ule mto mkavu, mbali na nyumba. Kila kitakachotoka juu kitakingwa chini. Wafugaji wanyweshe huko, bwawa libaki la kuogelea.

"Hakuna kitakachopotea?"

"Kidogo sana, adeer."

"Kidogo kiasi gani?"

Tulibishana mpaka swala ya alasiri. Doonis hata haikutajwa. Wazee wangu walirudi Galbet miguu mitupu, viatu mkononi.

Tingatinga likapatikana, na lilipoharibika watu walimalizia kwa majembe. Silanga ilipokamilika, Mzee Dekow akachukua nyundo, akaupiga yeye wa kwanza ule ujenzi wake wa kijani. Alilia. Hakujificha. Kisha akaniachia nyundo.

Mvua ilikuja mchana, nasi tulikuwa juu ya ukuta na kamati nzima. Laga ilishuka kwa kishindo, bwawa likajaa, maji yakaifikia spillway, yakapita. Kwa adabu! Yakateremka pembeni, yakaingia silangani. Mzee Dekow alikimbia kwenye matope akiyafuata, na umri wake ule, kikoi kimepandishwa magotini, akipiga kelele, "Yamefika! Yamefika yote!" Nilimkimbilia nikateleza nikaanguka, nikabaki palepale kwenye tope nikicheka mvuani.

Injinia Mwende akaja tena kukagua upya. Mzee akampokea kwa kikoi kilekile na hina mpya, Kiswahili kikarudi.

Hali: NZURI. Bwawa likafunguliwa kwa umma.

Hazard: JUU.

Mzee akaruka. "Juu kwa nini? Nimefunja ukuta yangu, nimechimba silanga, bado naandika juu?"

"Mzee, hiyo haihusu ukuta," bosi akamwambia. "Ukuta wako sasa ni mzuri sana. Hiyo inahusu watu wanaolala huko chini. Wakiwepo, inabaki juu."

"Hata nikitengeneza tena?"

"Hata ukiujenga kwa dhahabu."

Mzee Dekow akatoa mdomoni mswaki wake wa mti aliokuwa akiutafuna. Akatazama boma lake huko chini kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akarudi kwa bosi.

"Kwa hivyo ni watu ndio nafanya hatari?"

"Ndiyo."

"Na watu ikitoka hapo chini, hatari nashuka?"

"Polepole, mzee, lakini ndiyo."

"Basi mtu moja," akasema, akanielekezea ule mswaki kifuani, "natoa mimi."

Nilisimama kama nguzo. Sikuelewa, haki ya Mungu sikuelewa. Ni Injinia Mwende, mama asiyecheka kazini, aliyenisukuma bega huku anacheka machozi yanamtoka.

"Wewe! Unangoja nini? Mpe mkono baba mkwe wako!"

Ndoa imeshafungwa, wakuu. Picha tulipiga karibu na ubao, na ndiyo, mtu alinisukuma nikaingia majini na suti.

Mzee mwenyewe sasa anajenga nyumba mpya kule mwinukoni. Hazard bado iko juu mpaka wa mwisho ahame, bosi hajalegeza hata kidogo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukisikia bwawa limepewa alama nzuri, uliza ni alama gani. Halafu uliza nani analala chini yake. Na ukitaka kumwambia mtu kwamba amekosea kitu anachokipenda, usimnyang'anye. Mwonyeshe kitakwenda wapi.

Wenye mabwawa ya zamani karibu na kwenu, ya picnic, ya samaki, ya shule, nendeni mkaangalie kama spillway iko wazi, mrudi mtuambie mmekuta nini. Na wenye visa vya posa vilivyoingia maji, uwanja ni wenu, nitasoma vyote.

Ninapoandika hapa mvua inapiga mabati ya Galbet. Zamani mvua ikinyesha hivi nilikuwa nakaa dirishani nikiuwaza ule ukuta na nani yuko chini yake. Leo yuko chumbani na mimi, anasahihisha mitihani, na ananiuliza kama nimemaliza chai yote.